Wapeni wote, msiulize: shukrani na ungamo la walimu wa jioni

  

Mwezi huu tumeombwa tuandike maneno ya shukrani kwa Mzee mmoja wa Kasulu ambaye wengi mnamjua kwa sura. Ndiye yule anayetembea na mkongojo, mwenye kofia nyeupe, anayekuja na gari dogo la mizigo akishapata kibali cha kuingia kambini. Jina lake amekataa tuliandike. Alisema, "Andikeni habari za watoto. Jina langu Mungu analo." Basi sisi tutamwita Mzee tu, kama tunavyomwita siku zote.

Tulikubali haraka kuandika. Tulidhani ni kazi ya nusu saa: kusema asante, kutaja vitu alivyoleta, kumwombea maisha marefu, tumemaliza. Lakini tulipoketi sisi walimu wanne na karatasi mbele yetu, tulitazamana tukanyamaza. Kila mmoja alikuwa anafikiria jambo lile lile. Haiwezekani kumshukuru Mzee kwa kweli kama hatusemi na kosa tulilolifanya kwa zawadi yake. Kwa hiyo wapendwa, mtuvumilie. Haya ni maneno ya shukrani, na ni ungamo pia.

Mabati ya hangari

Sisi ni vijana wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Sekondari tumeimalizia humu humu kambini. Asubuhi tunasaidia darasani kama walimu wa kujitolea, na kuanzia saa kumi jioni tunafundisha masomo ya kusoma na kuandika chini ya hangari ya kanisa. Masomo hayo hayana mtihani wala cheti. Tuliyaanza kwa sababu tuliona watoto wanafika darasa la nne na bado wanasoma kwa kukariri tu, ukibadilisha ukurasa wamepotea. Darasani asubuhi watoto ni wengi mno, mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Jioni tunawagawa makundi makundi, mkubwa anamsomesha mdogo, na sisi tunazunguka.

Hangari ile zamani ilikuwa imefunikwa shitingi iliyozeeka. Mvua ikinyesha tunafunga masomo, jua likiwa kali shitingi inatoa joto kama jiko. Siku moja Mzee alikuja kambini kwa shughuli nyingine, mvua ikamkuta, akakimbilia kwetu kujificha. Akatukuta tumewasogeza watoto wote kona moja ambayo ilikuwa haivuji, na wao wanaendelea kusoma kwa sauti. Alisimama pale hadi mvua ikakatika, hakusema kitu. Baada ya wiki tatu alirudi na mabati 20 na kilo kadhaa za misumari, akiwa amekwisha kuzungumza na wazee wa kanisa na kupata ruhusa inayotakiwa.

Mzee ni Mwislamu. Hangari ni ya kanisa. Tusifichane, maneno yalikuwepo. Mmoja alisema, "Leo ni mabati, kesho atatuomba tuhame dini." Mwingine alisema sadaka ya namna hiyo haijulikani imetoka wapi. Lakini Mzee hakuomba kitu. Siku ya kupaua alikuja mwenyewe kuangalia kazi. Ilipofika saa ya sala ya alasiri alitandika mkeka wake nyuma ya hangari, akasali, huku ndani watoto wanaimba wimbo wa kuhesabu. Alipomaliza akakunja mkeka akaja kutusaidia kuhesabu misumari. Toka siku ile waliokuwa wananung'unika walipunguza sauti. Jumapili watu wanasali chini ya mabati yale, na siku za kazi watoto wanasoma chini ya mabati yale yale.

Madaftari 240

Sasa tunafika kwenye kosa letu.

Mwezi wa tisa, mwaka wa shule ulipoanza, Mzee alileta madaftari (sisi Wakongomani tunasema kaye) 240 ya kurasa 96, pamoja na kalamu. Alitukabidhi mbele ya watu, akasema maneno machache sana: "Walimu, wapeni wote wanaokuja kusoma. Msiulize mtoto ni wa nani." Basi. Akapanda gari lake akaenda.

Watoto wa jioni walikuwa 268. Kaye zilikuwa 240. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifanya: 28 wangekosa. Tulikaa usiku na taa ya simu tukijadiliana tufanye nini. Na hapo ndipo tulipopotea, kwa sababu swali la kwanza tulilouliza ni lile lile ambalo Mzee alitukataza kuliuliza. Tuliuliza, huyu ni mtoto wa nani?

Tukasema hangari ni ya kanisa letu, basi waanze watoto wa washirika. Halafu tukasema wapo watoto wa kwaya, ingawa wengine hawaji jioni, tuwawekee zao, siku moja watakuja. Halafu mmoja wetu akataja wadogo zake, na sisi wengine tukataja wadogo zetu. Orodha ilipoisha tulikuwa tumegawa kaye 200, na 40 tumezifungia kwenye sanduku kwa ajili ya watoto wa kwaya. Watoto 68 waliokuwa wanakuja kila jioni hawakuwemo. Nani hao 68? Wengi walikuwa watoto wa madhehebu mengine, watoto wa Kiislamu, na watoto wa Kirundi ambao wazazi wao walifika kambini mwaka 2015 na baadaye.

Hatukuona kama ni wizi. Tuliona ni utaratibu. Tulikuwa na orodha, tulikuwa na sahihi. Hata tulijisifu kwamba ugawaji umekwenda vizuri bila fujo.

Katika wale 68 alikuwepo mvulana mmoja wa Kirundi, miaka kama kumi na moja, mpole sana. Alipoona hakuitwa, hakuuliza. Kesho yake alikuja na kipande cha katoni ya mafuta ya kupikia, amekikata kwa kisu kikawa mraba mzuri, akaandika somo lake upande ule usio na maandishi. Upande ukijaa alileta kipande kingine. Alivitoboa matundu akavifunga kwa kamba, vikawa kama kitabu. Sisi tulimsifu mbele ya wenzake! Tukasema, "Mnaona mwenzenu anavyojua kujitafutia?" Mpaka leo tukikumbuka sifa ile tunaona aibu.

Mzee alirudi mwezi wa kumi na moja. Alizunguka kwenye makundi akiegemea mkongojo, akifurahi kusikia watoto wanasoma. Alipofika kwa yule mvulana akachukua zile katoni, akazigeuza geuza. Akatuuliza, "Huyu daftari lake liko wapi?"

Mmoja wetu akajibu, "Mzee, ziliisha."

Zilikuwa hazijaisha. Sanduku lilikuwa nyuma yake, hatua tano, na sote wanne tulilijua hivyo, na hakuna aliyefungua mdomo.

Habari za Sewa Haji

Mzee hakugomba. Labda aliona macho yetu yanakwenda wapi, labda hapana. Aliketi kwenye benchi, akanyoosha mguu wake mbovu, akatuambia tuketi. Akatusimulia habari ambayo hatukuwahi kuisikia shuleni.

Alisema mguu ule ulivunjika kwenye ajali ya lori miaka mingi iliyopita, akapelekwa mpaka Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili. Huko alilazwa kwenye jengo linaloitwa Sewa Haji. Alikaa wiki nyingi anasoma jina hilo ukutani, mwishowe akamuuliza muuguzi: Sewa Haji ni nani? Ni dawa? Ni ugonjwa? Muuguzi akacheka, akamwambia ni mtu, tajiri wa zamani wa Bagamoyo. Mzee aliporudi nyumbani akaanza kuulizia na kusoma habari zake. Na sisi baada ya siku ile tumesoma pia, kwa hiyo tunawasimulia kwa kifupi, maana habari hii inatuhusu sisi watu wa ng'ambo ya ziwa kuliko mnavyodhani.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Makhoja, Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, ambao asili yao ni Kutch huko India. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Unguja na Bagamoyo. Wakati ule Bagamoyo ndipo misafara ilipoanzia kwenda bara. Njia ilipita Tabora mpaka Ujiji, yaani hapa hapa mkoani Kigoma, na kutoka Ujiji watu walivuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi mpaka kwetu, wakaendelea hadi Manyema kutafuta pembe za ndovu. Vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba vilipanda bara, pembe zikateremka pwani. Vyote vilibebwa na binadamu. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na zaidi, kwa miezi. Kazi ya Sewa ilikuwa kuwauzia wenye misafara bidhaa na kuwatafutia wapagazi, na kwa kazi hiyo akawa tajiri mkubwa.

Mwaka 1871, Sewa akiwa na miaka 20 hivi, alifika Bagamoyo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa anamtafuta David Livingstone. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo alimkuta Ujiji, na wawili hao wakapiga kasia pamoja kwenda kaskazini mpaka mdomo wa mto Rusizi, karibu na Uvira. Wenye asili ya Uvira mnapajua mahali hapo kuliko sisi. Sasa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, Stanley analalamika sana juu ya kijana mmoja wa Kihindi pale Bagamoyo aliyemtafutia wapagazi. Anasema kijana yule alikuwa mjanja, anaongeza bei, hesabu zake hazinyooki. Jina ameliandika vibaya, lakini wanaoandika historia wanaona kijana huyo ndiye Sewa Haji.

Mzee alipofika hapo alicheka, akasema, "Mnaona? Alianza hivyo. Na alikuwa na umri kama wenu."

Hatukucheka.

Kisha akatueleza alivyomaliza. Katika miaka ya 1890, Wajerumani walipokuwa wanatawala, Sewa Haji alitoa jengo la ghorofa pale Bagamoyo liwe shule. Akaweka sharti: isiwe shule ya Wahindi peke yao, isiwe ya dini moja. Waingie watoto wa rangi zote, Waafrika, Wahindi na Waarabu. Wapendwa, fikirini ni wakati gani huo. Ni wakati ambao serikali yenyewe ilikuwa inawapanga watu kwa rangi, na kila jamii ilikuwa inajijengea ya kwake. Mtu mwenye fedha zake angeweza kusema nawajengea wa kwetu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alitoa pia fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam ya kuwatibu Waafrika na Wahindi. Hospitali hiyo iliitwa kwa jina lake miaka mingi, na hospitali mpya ilipojengwa mwaka 1956, ile ambayo leo ni Muhimbili, jina likahamia kwenye jengo la wodi. Yeye Mwislamu alikuwa rafiki wa mapadre wa misheni ya Bagamoyo, waliofika pale mwaka 1868, na aliwasaidia kazi zao. Alifariki mwaka 1897, hajafika hata miaka 50. Aliacha wosia kwamba pato la mali zake liwasaidie wagonjwa na watu wenye ukoma. Mwenye ukoma zama hizo hakuna aliyetaka kumkaribia, achilia mbali kumwachia urithi.

Mzee akamaliza kwa kusema, "Mimi nimelala kwenye jengo la mtu ambaye hakunijua. Hakuuliza huyu Muha wa Kasulu ni wa nani. Ndiyo maana na mimi siulizi." Akasimama, akatuaga, akaenda zake. Neno juu ya kaye hakulirudia tena.

Usiku wa kufungua sanduku

Usiku ule hatukulala mapema. Mwanzoni tulijaribu kujitetea. Mmoja alisema tungegawa kwa namna yoyote, bado 28 wangekosa. Ni kweli, lakini tuliowanyima ni 68, sio 28, na hatukuwachagua kwa kura, tuliwachagua kwa kanisa na kwa kabila. Mwingine akasema, sisi wenyewe maisha yetu yote ni ya kuulizwa. Wewe ni wa wapi? Kadi yako iko wapi? Familia yenu ni ya watu wangapi? Tunajua uchungu wa kusimama kwenye mstari na jina lako halimo. Halafu siku moja tu tumepewa kalamu ya kuandika orodha, na sisi tumefanya hivyo hivyo.

Asubuhi tulifungua sanduku. Kaye 40 kwa watoto 68. Wale 200 wa kwanza walikwisha kuandika kwenye zao, hatukuweza kuwanyang'anya. Tukatafuta kisu kikali, tukazikata kaye zile katikati ya mshono. Pini zikabaki upande mmoja, upande wa pili tukaushona kwa sindano na uzi wa kushonea gunia. Ukizikata 40 mara mbili unapata vipande 80, kila kimoja kurasa 48. Tulishona siku mbili, vidole vikatoboka. Mama mmoja muuza ndizi aliyetuona akaja kutusaidia, akatuonyesha namna ya kufunga fundo lisifunguke.

Jioni ya siku ya tatu tuliwaita watoto wote tukawaambia ukweli. Tulisema kwa kifupi: zilikuwepo, tulizificha, tulikosa. Watoto walinyamaza. Halafu msichana mmoja mdogo akauliza, "Sasa mwalimu, na nyiye mutapigwa?" Watu wakacheka, na sisi tukacheka, lakini ilikuwa swali zuri. Tukajibu kwamba adhabu yetu ni kumwambia Mzee, na tulimwambia alipokuja tena. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya." Safari iliyofuata alileta kaye nyingine, akatukabidhi sisi sisi. Tungekuwa sisi tungetafuta walimu wengine.

Vipande 80 tukigawa kwa watoto 68 vilibaki 12. Hivyo tuliviweka wazi juu ya meza kwa ajili ya mtoto yeyote mgeni. Havikumaliza mwezi.

Swali la katekista

Tulipowasimulia watoto wakubwa habari za Sewa Haji, papa mmoja katekista alikuwa ameketi nyuma anasikiliza. Mwisho akanyosha mkono kama mwanafunzi. "Walimu, nina swali. Huyo mtu si alitajirika kwa pembe zilizotoka kwetu Manyema, kwa mabega ya babu zetu? Na njia hiyo hiyo si ndiyo waliyopitishwa watumwa? Sasa munatuambia tumsifu?"

Ni swali kubwa, na hatutaki kulikimbia katika jarida hili. Njia ya Bagamoyo ilikuwa na mambo hayo yote. Walikuwepo wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi na wengine, waliojivunia kazi yao. Walikuwepo pia watu waliofungwa minyororo. Mfanyabiashara wa misafara hawezi kusema utajiri wake haukugusa jasho la watu. Msichana mmoja akauliza wapagazi wenyewe wameandikwa kwenye jengo gani, na sote tulinyamaza, kwa sababu hawajaandikwa.

Tulimjibu papa katekista hivi: kumshukuru mtu sio kusema hakuwa na kosa. Sisi tunamkumbuka Sewa Haji kwa sababu alipokuwa na uwezo wa kufunga mlango aliufungua, akaandika sharti ili hata akifa usifungwe kwa wengine. Na wale wapagazi tuwakumbuke pia, maana mali ile walibeba wao. Kama shule ile iliwapokea wajukuu zao, hiyo haikuwa sadaka tupu, ilikuwa na kulipa deni ndani yake. Papa katekista akafikiri kidogo, akasema, "Hapo sawa. Basi tuseme alirudisha." Tumelipenda neno lake, tumeamua kuliandika hapa.

Tangu siku ile tumelifikiria sana neno hilo la kurudisha. Mzee wa Kasulu anasema anarudisha alichopewa kwenye wodi ya Muhimbili. Sisi tumesomeshwa na walimu wa kambi ambao posho yao ilikuwa ndogo sana, wengine hawapo tena. Mama zetu waliuza sehemu ya mgao wa unga ili tupate sare. Tukifundisha jioni tunarudisha. Tulipokosea ni pale tulipofikiri tunagawa mali yetu.

Kuaga kwa mvulana

Yule mvulana wa katoni familia yake ilijiandikisha kurudi Burundi. Siku moja kabla ya msafara alikuja hangarini kutuaga, amevaa shati safi. Alikuwa na kaye yake ya nusu, imejaa mwandiko mbele na nyuma, na kwenye jalada la katoni aliloliongeza ameandika jina lake. Tulimpa kaye nzima kwa safari. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, halafu akatoa ile bunda ya katoni zake za zamani akatupa sisi. Akasema kwa Kiswahili alichojifunzia hapa hapa, "Walimu, hii mumupe mutoto mwenye hana."

Tumeitundika kwenye mlingoti wa hangari. Haiandikwi tena, imejaa, lakini mwalimu yeyote atakayekuja baada yetu akishika kalamu ya orodha ataiona.

Mzee wetu, tunajua jarida hili litakufikia. Asante kwa mabati, asante kwa kaye na kalamu, na asante kwa siku ile ambayo hukutugombeza. Tunakuombea afya ya mguu na baraka katika biashara yako. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wewe umetuonyesha, na sisi tunajifunza polepole.

Wazazi, masomo ya jioni yanaendelea Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, hangari ya mabati. Aje mtoto yeyote, wa kanisa lolote, wa msikiti, wa asiyesali, Mkongomani, Mrundi. Mwenye kaye aje nayo. Asiyekuwa nayo aje hivyo hivyo. Jina lake tutamuuliza, ili tujue kumwita. Zaidi ya hapo hatutauliza.

Mungu awabariki wote.

Ni sisi walimu wenu wa jioni.